Kazi za uandishi mtandaoni kwa jina langu mwenyewe: nianzie wapi?

Mwalimu wa Kondele (Kisumu)

Hamjambo, ndugu zangu. Nimekuwa nikisoma majadiliano yenu kwa muda mrefu bila kuandika neno, na leo nimeamua kuuliza kwa sababu nimefika mahali ambapo siwezi kusonga bila msaada wa waliotangulia.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia. Nilihitimu miaka minne iliyopita, nikapata nambari ya TSC, tume ya walimu, na tangu hapo nimekuwa mwalimu wa bodi, yaani niliyeajiriwa na shule yenyewe, katika shule ya kutwa nje kidogo ya mji, kwa mshahara ambao hulipa kodi ya nyumba na nauli ukaishia hapo. Kwa miaka miwili ya mwisho nimejaribu kuziba pengo hilo kwa kuandika usiku. Kijana mmoja aliyekuwa na akaunti katika tovuti ya insha alikuwa akinipa kazi za wanafunzi wa ng'ambo, nami nikimwandikia kwa shilingi 250 kila ukurasa wa maneno 275. Desemba iliyopita nilimkabidhi kurasa 41. Hakunilipa hata moja, na siku hizi hashiki simu yangu.

Shilingi 10,250 si kitu kidogo kwangu, lakini kilichonikata maini zaidi nilikigundua Januari, nilipoanza kutafuta kazi kwa njia yangu mwenyewe. Kila tangazo linataka sampuli za maandishi, na baada ya mamia ya kurasa nilizoandika sina ukurasa mmoja ninaoweza kusema kwamba ni wangu.

Nimepekua intaneti. Nimekuta orodha ndefu za tovuti zinazosemekana kuwalipa waandishi. Nyingine nilipozifungua nilikuta hazipo tena, nyingine huwapokea Wamarekani pekee, na mbili zilinidai ada ya usajili kabla ya kuniruhusu kuona kazi yoyote. Ninaomba mnielekeze: ni vyanzo vipi vya kweli, mtu asiye na sampuli huanzaje, pesa hufikaje huku kwetu, na je, Kiswahili changu kina soko au ni lazima niandike Kiingereza peke yake? Nina kipakatalishi cha zamani kinachofanya kazi vizuri, ninanunua bando kila wiki, na stima hupotea mvua inapokuwa kubwa, lakini nina bidii na nina usiku wote.

Mhariri wa Section 58 (Nakuru)

Mwalimu, pole sana. Nimeishi kwa kazi hii hapa Nakuru kwa zaidi ya miaka kumi, na nilianza pale pale ulipoanzia wewe, kwa hiyo ninayajua machungu ya kukabidhi kazi kisha simu ikanyamaza. Hifadhi ujumbe wote mlioandikiana na kijana huyo pamoja na nakala za kurasa hizo 41, na umwandikie mara moja zaidi kwa utulivu ukitaja kiasi na tarehe. Asipojibu, usiache madai hayo yakumalizie wiki zako.

Hukuuliza kuhusu uhalali wa kazi yenyewe, lakini nitaugusa kwa sababu unahusu njia unayotaka kushika. Australia ilipitisha sheria mwaka 2020 ya kuwaadhibu wanaouza insha kwa wanafunzi, na Uingereza ikaharamisha huduma hiyo katika vyuo vya England mwaka 2022. Soko lililopigwa marufuku nchini mwa wateja wake huwa halina mahali pa kushtaki. Tovuti hubadilisha jina usiku mmoja, mwenye akaunti hutoweka, na mwandishi hana mkataba wa kumwonyesha mtu yeyote. Hata ukilipwa vizuri huko, hutaweza kuitaja kazi hiyo mbele ya mteja mwingine. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuiacha kabisa, hata kama kwa miezi miwili au mitatu mapato yatapungua.

Sasa kuhusu zile orodha. Nyingi huandikwa na watu wanaolipwa kila msomaji anapojisajili kupitia viungo vyao, na mara nyingi hakuna anayerudi kuzisahihisha. Textbroker, kwa mfano, hutajwa karibu kila mahali, ilhali tovuti yake ya Marekani huchukua waandishi wa Marekani peke yao. Kabla hujatumia hata dakika kumi kujaza fomu, soma ukurasa wa masharti ukiangalia mambo mawili: nchi zinazokubaliwa na njia za malipo. Kama Kenya haimo, au kama hakuna njia ya malipo inayofika hapa, funga ukurasa huo. Na popote unapodaiwa ada ili uone kazi, ondoka bila kusitasita.

Katika masoko makubwa, anza na Upwork, iliyotokana na kuungana kwa Elance na oDesk na kupata jina lake la sasa mwaka 2015. Pale mteja hutangaza kazi, nawe hutuma ombi kwa kutumia tokeni zinazoitwa Connects, ambazo kila moja huuzwa kwa senti 15 za dola. Ombi moja likihitaji tokeni 12, umetumia karibu shilingi 230 kwa dola ya shilingi 129, kwa hiyo maombi 20 yaliyotumwa kiholela ni bando la miezi kadhaa. Tangu mwaka 2025, ada wanayokata mwandishi huanzia sifuri hadi asilimia 15 kulingana na kazi. Faida yake kubwa kwako, baada ya yaliyokupata, ni kwamba katika kazi ya bei maalumu, isiyolipwa kwa saa, mteja huweka fedha kwanza, zikashikiliwa hadi ukabidhi. Usianze kuandika kabla hujaona kwamba fedha zimewekwa, hata mteja akiwa na maneno matamu kiasi gani.

Fiverr hufanya kazi kinyume: wewe ndiye unayetandaza bidhaa yako, mteja akaja. Hukata asilimia 20, na muuzaji mpya husubiri siku 14 baada ya kazi kukamilika ndipo pesa zifunguke. Kazi ya dola 50 itakuachia dola 40, baada ya wiki mbili. Panga kodi ya nyumba ukijua hivyo.

Aina ya pili ni mbao za matangazo. ProBlogger, iliyoanzishwa na Darren Rowse wa Australia, ni mojawapo ninayoifungua kila asubuhi, kwa kuwa mwajiri ndiye anayelipia tangazo na mwandishi halipi kitu. Matangazo huwa machache, na mengi yamejaa waombaji ndani ya siku moja, lakini mtu aliyelipia tangazo huwa na nia ya kuajiri. LinkedIn pia ina kazi za namna hii, ingawa huko itakubidi kuchuja sana.

Aina ya tatu ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, nayo ni magazeti na majarida ya mtandaoni yenye ukurasa wa miongozo kwa waandishi. Hapo huandiki makala kwanza. Unamtumia mhariri wazo lenye aya mbili au tatu, ukieleza utasema nini, utazungumza na nani na kwa nini wewe. Akikubali, mnapatana malipo na tarehe, ndipo unaandika. Njia hii ni ya polepole na majibu mengi ni kimya, lakini makala moja iliyochapishwa kwa jina lako itakusaidia kwa miaka.

Nakuja kwenye sampuli, ambapo nadhani umejikatia tamaa bila sababu. Mteja hataki kujua ni nani aliyekulipa zamani. Anataka kuona kwamba unaweza. Andika makala matatu, kila moja la maneno 800 hadi 1,000, kuhusu mambo unayoyajua kuliko mwandishi wa Manila au wa Toronto. Wewe ni mwalimu, na umekuwa darasani wakati sekondari ya msingi inaanza mwaka 2023 na mtaala wa umilisi ukipanda hadi sekondari ya juu. Kampuni zinazouza vitabu, programu za kufundishia, sare, hata mikopo ya karo, zote zinahitaji mtu anayeweza kueleza jambo hilo kwa mzazi bila kumtatiza. Andika moja kwa mzazi, moja kwa mwalimu mwenzako, na moja la historia ya mji wako, maana Kisumu ni bandari iliyokuwa mwisho wa reli mwaka 1901 na ina mengi ambayo hayajaandikwa vizuri. Yaweke mahali pasipolipiwa, kama vile Medium, LinkedIn au blogu ya bure ya WordPress, kwa jina lililo kwenye kitambulisho chako.

Barua ya kuomba kazi isimpeleke msomaji kwenye maisha yako kabla hajaona unachojua. Tuseme tangazo linatafuta mwandishi wa makala kuhusu taa za jua kwa familia za vijijini. Usiandike kwamba wewe ni mchapakazi mwenye shahada na uzoefu wa miaka mingi. Andika: "Wanafunzi wangu watatu husoma usiku kwa taa za jua, na mzazi wa mmoja wao aliniambia kwamba malipo ya kila siku kwa simu ndiyo yaliyomfanya akubali kuinunua. Makala yenu ya sasa hayajagusa jambo hilo, ningeanzia hapo." Kisha kiungo cha sampuli moja inayohusiana, bei yako na siku unazohitaji. Mistari kumi inatosha.

Jambo la mwisho ni bei. Ulikuwa ukilipwa shilingi 250 kwa maneno 275, yaani senti 91 za Kenya kwa neno. Mteja anayelipa senti 3 za dola kwa neno, ambayo bado ni bei ya mwanzo kabisa, angekulipa zaidi ya shilingi 1,060 kwa maneno hayo hayo. Ninakuonyesha hesabu hii ili usije ukaogopa kutaja bei na kurudi kwenye ile uliyoizoea. Jaribio fupi la maneno 200 bila malipo linaweza kuvumilika. Mtu akitaka makala nzima ya majaribio bila kulipa, mwambie bei yako, na akikataa mwache.

Mfasiri wa Lurambi (Kakamega)

Nimesoma maelezo ya ndugu yetu wa Nakuru na ninakubaliana naye karibu kote, ila naona swali la Kiswahili halijaguswa, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Dada, usikubali mtu akuambie kwamba Kiswahili chako ni cha darasani tu. Mimi hula kwa kutafsiri na kuhariri Kiswahili. ProZ, ambayo imekuwa mahali pa wafasiri tangu mwaka 1999, hukuruhusu kufungua wasifu bila malipo, kuonyesha jozi za lugha unazozifanyia kazi na kuona maoni ya wafasiri kuhusu mashirika yanayolipa na yasiyolipa. Sehemu hiyo ya maoni ndiyo yenye thamani, ingawa nyingi kati ya taarifa zake zinahitaji uanachama wa kulipia. Hata hivyo, jina la shirika lolote ulitafute huko na kwingineko kabla hujasaini.

Ili upate rekodi, kuna kazi ya kujitolea yenye heshima. Translators without Borders, ambayo sasa iko chini ya CLEAR Global, huwapa wafasiri wa kujitolea maandishi ya afya, majanga na misaada. African Storybook ni jukwaa huria la hadithi za watoto katika lugha za Kiafrika, ambapo unaweza kutunga au kutafsiri hadithi kwa jina lako na ikasomwa madarasani. Kote huko hulipwi, na mimi nilijiwekea mpaka wa miezi mitatu, saa nne kwa wiki, maana kujitolea bila mpaka humfanya mtu asahau kwamba ana watoto wa kulisha.

Kazi nyingi zinazokuja sasa si za kutafsiri upya bali za kusahihisha tafsiri iliyofanywa na mashine. Mteja atakuambia kwamba kazi imeshakamilika kwa asilimia kubwa na kwamba wewe utapitia tu, kisha akataja bei ya theluthi. Fungua ukurasa mmoja kwanza. Mara nyingi utakuta ngeli zimevurugika, "kiongozi wake" haijulikani ni wa nani, na sentensi zina mifupa ya Kiingereza ndani yake hata pale maneno yote ni sahihi. Kuisafisha kazi ya namna hiyo kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kuandika upya. Dai malipo kwa saa, si kwa neno, na uombe kujaribu kurasa mbili kabla ya kukubaliana.

Nina ombi moja kama mwalimu mwenzako wa zamani. Ukiandika Kiswahili kwa ajili ya mteja, jiwekee daftari la istilahi, kila neno la kitaalamu na kisawe ulichokitumia na mahali ulipokipata. Wateja hurudi kwa mfasiri ambaye neno lake la ukurasa wa 2 ndilo la ukurasa wa 60. Mimi nina daftari la kilimo, la afya na la fedha, na hilo la fedha limeniletea kazi nyingi kuliko shahada yangu.

Mwandishi wa Milimani (Kisumu)

Mwalimu, mimi ni jirani yako hapa Kisumu, na nitatofautiana kidogo na waliotangulia. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, makala ya jumla ambayo yalikuwa mkate wetu katika yale masoko makubwa yamepungua sana upande wangu. Nilikuwa na wateja wanne wa kudumu. Watatu waliniaga kwa upole ndani ya mwaka mmoja. Sisemi usijiunge na Upwork, lakini nakusihi usiweke mayai yote huko, kwa sababu unagombania kazi na dunia nzima pamoja na mashine.

Kilichobaki imara kwangu ni maandishi yanayohitaji mtu aende mahali, azungumze na watu, arudi na jambo ambalo halikuwepo kwenye intaneti. Mji wetu umejaa mashirika yasiyo ya kiserikali yanayofanya kazi ya afya, uvuvi, maji na elimu kuanzia Siaya hadi Homa Bay. Kila moja huandika ripoti kwa wafadhili, na kila ripoti huhitaji simulizi za watu waliosaidiwa. Fungua ReliefWeb, ambayo ni huduma ya Umoja wa Mataifa, uchague Kenya katika sehemu ya kazi, utafute zile za ushauri wa muda mfupi na za mawasiliano. Huduma hiyo ni ya bure. Baadhi ya matangazo yatadai uzoefu wa miaka mitano, lakini soma majina ya mashirika hata kama huombi, kisha uwaandikie wale walio hapa mjini barua fupi yenye sampuli yako moja. Kazi yangu ya kwanza ya namna hiyo niliipata hivyo. Nilihojiana na akina mama wauza omena kwa siku mbili ufuoni, nikaandika kurasa sita, na malipo yake yalizidi miezi miwili ya makala za mtandaoni.

Wewe una Kiswahili, na nadhani una Dholuo, na unajua kukaa na mzazi akakueleza shida yake. Hayo yote hayapatikani kwa mtu aliye Manila.

Tahadhari yangu ni moja. Wateja wa hapa nyumbani hulipa kwa M-Pesa au benki bila makato ya ng'ambo, lakini huchelewa, na kuna mmoja aliyenizungusha miezi mitano. Siku hizi hudai nusu ya malipo kabla ya kwenda popote, na mkataba hata wa ukurasa mmoja unaotaja idadi ya marekebisho. Mawili yanatosha, la tatu lilipiwe.

Kuhusu stima, maktaba ya taifa hapa mjini ni mahali patulivu pa kufanyia kazi mchana, nami huandika kwanza bila mtandao kisha nikatuma jioni ninapopata mawimbi mazuri.

Mhasibu wa Kanduyi (Bungoma)

Nitajibu lile la pesa tu. Fungua akaunti ya PayPal na ya Payoneer, huduma za kupokea pesa kutoka ng'ambo, zote kwa jina lile lile lililo kwenye kitambulisho, laini ya simu na akaunti ya benki. Tofauti ya herufi moja imewafanya wateja wangu wawili kusubiri wiki kadhaa. PayPal imeunganishwa na M-Pesa hapa Kenya tangu mwaka 2018, kwa hiyo unaweza kuzitoa hadi kwenye simu, lakini linganisha kiwango cha kubadilishia dola na kile cha siku hiyo kabla ya kubonyeza, kwa sababu hasara kubwa hujificha hapo kuliko kwenye ada. Jumla kubwa itolewe mara moja badala ya vipande vidogo vidogo. Mteja au tovuti ya Marekani ikikuomba fomu ya W-8BEN usiogope, kwani humaanisha tu kwamba unathibitisha wewe si Mmarekani kwa mambo ya kodi.

Na tafadhali, mapato haya yaandike. Una PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, na taarifa ya kila mwaka huwasilishwa kabla ya tarehe 30 Juni, ikiwa na mshahara wako wa shule pamoja na hizi za uandishi. Msamaha wa mtu binafsi ni shilingi 2,400 kwa mwezi, ambao hufuta kodi yote ya shilingi 24,000 za kwanza za mwezi, kwa hiyo mwanzoni huenda usidaiwe kitu. Weka risiti za bando na za ukarabati wa kipakatalishi, kwa kuwa ni gharama za kazi.

Mwalimu wa Kondele (Kisumu)

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimesoma majibu haya mara tatu na nimeyanakili kwenye daftari. Jirani wa Milimani, ni kweli, Dholuo ndiyo lugha ya nyumbani, na sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kuhesabiwa kuwa ujuzi wa kazi.

Nina maswali mawili. Rafiki wa mwenzangu wa shule anauza akaunti ya Upwork iliyokwisha kuthibitishwa na yenye nyota tano, kwa shilingi 18,000, na anasema ananiruhusu kulipa kidogo kidogo. Anadai kwamba akaunti mpya kutoka Kenya hukataliwa. Je, nikubali? Pili, nimeandika rasimu ya makala ya kwanza, ile ya mzazi, na nimeituma kwa Mhariri wa Section 58 kama alivyonikaribisha kwenye ujumbe. Ninaomba aseme ukweli wote bila kunionea huruma.

Mhariri wa Section 58 (Nakuru)

Mwalimu, usiinunue. Ni kweli kwamba maombi ya akaunti mpya hukataliwa wakati mwingine, hasa wasifu unapokuwa wa jumla na usioonyesha fani, lakini unaweza kuurekebisha na kuomba tena. Akaunti ya kununua ina jina la mtu mwingine, picha yake na kitambulisho chake. Upwork haikubali akaunti kuhamishwa kwa mtu mwingine, nayo huomba uthibitisho wa kitambulisho wakati wowote, pengine kwa simu ya video, na siku hiyo itafungwa pamoja na pesa zilizomo. Na hata isipofungwa, zile nyota tano ni za mwenyewe. Utaandika miaka mingine miwili kisha uje hapa kutuambia tena kwamba huna ukurasa ulio wako. Hizo shilingi 18,000, kama unaweza kuzipata, zinunue betri mpya ya kipakatalishi, na zitakazobaki ziwe akiba ya bando na ya tokeni chache.

Wasifu wako usiseme "mwandishi". Useme: mwandishi wa elimu, Kiswahili na Kiingereza, mwalimu wa sekondari Kisumu. Tuma maombi matatu au manne kwa wiki, si zaidi, kila moja likiwa limesomwa na kuandikwa upya. Wateja wa New York huanza kazi saa tatu zao za asubuhi, ambayo kwetu ni saa kumi jioni wakati wa kiangazi chao na saa kumi na moja wakati wa baridi. Kwa hiyo hilo la usiku wote hulihitaji. Ukitoka shule unaweza kuwajibu hadi saa tatu usiku, ukalala. Kuna pia mafunzo ya Ajira Digital, mpango wa serikali ulioanza mwaka 2016, ambayo hayalipiwi. Yatakufaa kwa jinsi ya kufungua na kupanga akaunti, ingawa uandishi wenyewe hutajifunza pale.

Sasa rasimu. Umeomba ukweli, nami nakuheshimu kwa hilo. Aya mbili za kwanza zifute. Umeanza kwa kusema kwamba elimu ni ufunguo wa maisha na kwamba dunia inabadilika, na hakuna mzazi atakayevuka hapo. Makala yako inaanza katika aya ya tatu, pale mama anapokuja shuleni na mfuko wa chupa za plastiki na maboksi kwa ajili ya mradi wa mwanawe, akiuliza kama hayo ndiyo masomo. Hapo nilikaa sawa kwenye kiti. Anzia kwenye swali lake, kisha ueleze mwalimu anapima nini katika mradi ule, kwa mfano mmoja tu kutoka darasani kwako.

Katika aya ya sita umesema wazazi wengi hawaelewi tathmini. Umejuaje? Ama utaje uliozungumza nao, watatu au wanne, bila majina yao, ama uiondoe sentensi hiyo. Kuhusu lugha, Kiswahili chako ni safi, lakini unatumia "ambaye" na "ambacho" pale ambapo kitenzi chenyewe kingebeba kazi. "Mtoto aliyeshindwa" ni nyepesi kuliko "mtoto ambaye ameshindwa". Aya ya mwisho inarudia ya kwanza, nayo iende. Yatabaki maneno kama 700, na utahitaji mia moja hivi ya jibu la mama yule: alisema nini ulipomaliza kumweleza? Hukuandika, na mimi nilitaka sana kujua.

Nitumie toleo la pili kabla ya Ijumaa. Nitalisoma Jumamosi asubuhi, na likiwa tayari nitakupa jina la ukurasa wa elimu unaopokea mawazo ya makala mwezi huu.